Imla Iliyogeuzwa: Kinywa, Mkono na Kompyuta



Mhadhara huu niliukusudia uwe wa upole. Miezi michache iliyopita, katika kikao cha walimu na watahini, mzee mmoja ninayemheshimu, aliyenifundisha hata namna ya kushika chaki, alisimama akasema: "Mtoto asiyeweza kuandika kwa mkono wake hajui kuandika. Mkimpa kompyuta, itakayoandika ni kompyuta." Ukumbi ukapiga makofi. Nilirudi nyumbani makofi yale yakiwa bado masikioni, nikaichana rasimu yangu ya kwanza. Kwa hiyo mnisamehe nikimjibu mzee wangu kwa urefu.

Sitawachosha kwa kueleza ulemavu wa kujifunza ni nini. Tangu Samuel Kirk alipolitangaza jina hilo mjini Chicago mwaka 1963, wanafani tumelumbana vya kutosha juu ya mipaka yake. Leo inatosha tumfikirie mtoto mmoja: anaona vizuri, anasikia vizuri, akieleza jambo linaeleweka, lakini ukimpa karatasi anakwama.

Hoja ya mzee wangu ina ngao, nayo imetoka Marekani. Mwaka 2014 Mueller na Oppenheimer walichapisha utafiti ambao watetezi wa kalamu wameugeuza methali. Wanafunzi walisikiliza mihadhara. Waliochukua noti kwa kalamu wakajibu maswali ya kuelewa dhana vizuri kuliko waliochapa kwenye kompyuta mpakato. Wachapaji, walisema watafiti, walinakili neno kwa neno, ilhali wenye kalamu walilazimika kuchuja.

Tuikague ngao hiyo. Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, watu waliofika hapo kwa sababu kuandika hakukuwashinda. Kumpimia mtoto wetu kwa kipimo chao ni kumpimia kiwete viatu vya mwanariadha. Pili, kazi yao ilikuwa kuchukua noti, yaani kuokota maneno ya mwingine. Kutunga ya kwako ni kazi nyingine kabisa. Tatu, hata kwa vijana wa namna hiyo, Morehead, Dunlosky na Rawson waliporudia jaribio mwaka 2019, ubora wa kalamu haukujitokeza waziwazi kama ilivyotangazwa.

Ya nne ndiyo niipendayo. Sababu ile ile waliyoitoa watafiti inamgeuka mzee wangu. Kalamu iliwafaa wale vijana kwa kuwa mkono ulikwenda polepole huku akili ikichuja. Kwa mtoto wetu, mkono hauchuji. Akili yake yote imeshuka kwenye ncha ya kalamu kutafuta kama ni b au d, na akishaipata, sentensi aliyokuwa nayo kichwani imekwisha toroka. Kile kilichokuwa chujio kwa mwenzake, kwake ni kizibo.

Sasa niruhusuni niwapeleke pwani ya kusini mwa Uingereza, kwenye kurasa ninazozirudia kila mwaka kama mtu azuruye kaburi la babu yake. Tarehe 7 Novemba 1896, daktari wa mji wa Seaford, W. Pringle Morgan, alichapisha katika British Medical Journal habari za kijana wa miaka 14 aliyemwita Percy F. Makala yenyewe ni fupi, lakini kila nikiisoma naona jambo jipya. Kijana yule alikuwa mwepesi, mchezaji hodari, macho yake mazima. Namba yenye tarakimu tisa aliisoma bila kusita. Lakini tangu ana miaka saba walimu walihangaika kumfundisha kusoma, na bado maneno yaliyoandikwa hayakuwa na maana kwake. Alipoambiwa aandike jina lake mwenyewe, aliandika "Precy", na ilibidi aelekezwe zaidi ya mara moja ndipo akaona kosa.

Na mwalimu wake alisemaje? Hapa ndipo huwa naweka kitabu chini. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kwamba, kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyu angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Fikirini: dawa ilitajwa ukurasa ule ule ulioutaja ugonjwa, mwaka 1896, nasi bado tunabishana.

Percy anatufundisha pia kuhusu mashine. Mwaka 1964 Fred Damerau alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne tu: herufi moja imekosewa, imepungua, imezidi, au mbili za jirani zimepishana. Programu nyingi za kukagua tahajia zilijengwa juu ya dhana hiyo. "Precy" ingesahihishwa papo hapo, maana ni herufi mbili zilizopishana. Lakini Percy huyo huyo, alipotaka kuandika carefully, aliandika "calfuly", neno linalohitaji marekebisho matatu. Programu ile ilitungiwa mtu ajuaye neno, ila kidole kimeteleza. Haikutungiwa Percy.

Nasema haya kwa sababu sikuja kuipigia debe kompyuta. Kwa Kiswahili upungufu wake ni mkubwa zaidi. Wapo wanaodhani tahajia yetu ni rahisi mno kumtesa mtu. Alcock na Ngorosho, waliochunguza makosa ya watoto wanaoandika Kiswahili na kuchapisha mwaka 2003, walionyesha kuwa si kazi ndogo hata kidogo. Mtoto akiandika "ali ni ambia", programu ya kawaida inaona nini? Ali ni jina, "ni" ni neno, kila kipande kina hati safi. Programu za kutabiri maneno nazo zimezoea Kiingereza, ambako herufi za mwanzo hupunguza orodha haraka. Kwetu mwanzo wa kitenzi ni mlango wa wote: mtoto akigonga n-i-l-i, ni kitenzi gani kilichobaki nje? Mashine inapaswa kujua viambishi na mizizi, kazi aliyoishughulikia Arvi Hurskainen kule Helsinki kwa miaka mingi, na ambayo sisi wenye lugha tumeichangia kidogo. Halafu Kidato cha Kwanza tunambadilishia mtoto huyu lugha, akutane na tahajia ile ile iliyomshinda Percy.

Nakiri pia kwamba kibodi peke yake haimfundishi mtu kutunga. Mtoto asiyefundishwa kupanga hoja na kurudia alichoandika atachapa ovyo kama alivyoandika ovyo.

Lakini msinitoe kwenye imani yangu. Mwaka 2004 MacArthur na Cavalier waliwachukua wanafunzi 31 wa sekondari, 21 wakiwa na ulemavu wa kujifunza, wakawapa njia tatu za kutunga insha: kumtamkia karani, kuitamkia kompyuta, na kuandika kwa mkono. Wenye ulemavu walifanya vizuri zaidi kwa karani, kisha kwa kompyuta, na mkono ukawa wa mwisho. Kwa wasio na ulemavu, njia hizo hazikutofautiana. Mzee wangu anahofia upendeleo. Upendeleo gani huu usiomwongezea chochote asiyeuhitaji?

Na sisi wa pwani tunashangaa nini? Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yalikaa vinywani mwa watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kuyaandika kwa ajili ya W. E. Taylor. Nani amewahi kusema mashairi yale ni ya Sikujua kwa kuwa kalamu ilikuwa yake?

Nilifundisha zamani shule moja ya msingi mkoani Tanga. Kila Ijumaa nilitoa imla, maneno ishirini. Kijana mmoja, bingwa wa kusimulia hadithi, alipata matatu, mara nyingine mawili. Kila alilokosa nilimwandikisha mara kumi. Nilidhani namsaidia. Aliacha shule. Leo ni mshereheshaji wa harusi anayegombewa, na hajawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Hutuma ujumbe wa sauti.

Ombi langu kwa watahini ni hili: tuigeuze imla. Miaka yote mwalimu ametamka na mtoto akaandika. Sasa mtoto atamke, mashine iandike, kisha mtoto asome, akate, apange upya, aseme ndiyo au hapana. Najua madarasa yana kelele, umeme hukatika, na mashine husikia vibaya lafudhi zetu. Hizo ni kazi za kufanya, hazitoshi kuwa sababu za kukataa.

Wiki mbili zilizopita niliuchukua ujumbe mmoja wa yule kijana, wa dakika nne, nikaupitisha kwenye programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi, nikamrudishia. Alikaa nao siku mbili. Kisha simu ikalia, sauti yake tena: "Mwalimu, nimeisoma yote. Mstari wa tatu kuna neno si langu. Litoe."