UZI: Je, mwanafunzi wa sekondari aanze masomo ya chuo mapema?

1/ Haya ni maneno niliyowaambia vijana wenzangu hapa Garissa, nikaombwa niyaweke huku. Kuna hoja inayopendwa kwenye midahalo: "Watoto wetu waanze kozi za chuo wakiwa bado sekondari." Watu wanapiga makofi. Sasa hebu tuichambue, bila kutaja mtu wala chama.

2/ Marekani jambo hili ni la kawaida. Mwanafunzi wa sekondari anasoma somo la chuo, na akifaulu linahesabiwa atakapojiunga. Anaokoa muda na karo.

3/ Kwetu, mlango wa kawaida wa digrii ni KCSE, C+ kwenda juu. Wazee wanakumbuka kidato cha tano na sita, miaka miwili ya kujiandaa kwa chuo kikuu, kabla 8-4-4 haijaanza 1985. Nayo 8-4-4 inaaga: KCSE yake ya mwisho ni 2027. Januari 2026 kundi la kwanza la CBC liliingia Gredi ya 10, kila mmoja na mkondo wake: STEM, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.

4/ Wanaounga mkono wanasema hivi: mtoto amechagua STEM, shule haina mwalimu wa fizikia wala maabara. Chuo Kikuu cha Garissa kiko hapa hapa mjini. Kwa nini asikitumie? Kumbukeni, Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Pengo lile lilibebwa na wanafunzi.

5/ Wanaopinga nao wana lao. Mtoto wa mjini atafika chuoni kwa miguu. Wa Hulugho je? Na msichana ambaye wazazi wake hawataki atoke bweni, nani atamsindikiza? Mpango usipopangwa vizuri utamsaidia aliyekuwa mbele tayari. Isitoshe, somo la chuo haliwezi kuziba pengo la mwalimu wa Gredi ya 10. Msingi ukiwa haupo, utajenga juu ya nini?

6/ Mimi naona zote mbili zina ukweli. Ila chuo kinaweza kumfuata mwanafunzi. Tangu 2013, mradi wa Borderless Higher Education for Refugees umepeleka Dadaab masomo ya vyuo vikuu, vikiwemo Kenyatta, Moi na York cha Kanada. Watu walisoma ana kwa ana na kwa mtandao, bila kuhama. Wale walikuwa watu wazima, wengi wao walimu wa kambini, lakini njia imeshaonekana.

7/ Kwa hivyo mgombea akikuletea ahadi hii, muulize:
– Nani analipa, mzazi, kaunti au serikali kuu?
– Somo hilo litakubaliwa na vyuo vingine, au Garissa pekee?
– Mtoto wa kijiji kisicho na stima wala intaneti atalipataje?
– Mwalimu wa fizikia wa shule yetu anakuja lini?

8/ Hilo la mwisho msiliache. Serikali kuu ndiyo inayoajiri walimu wa sekondari, kwa hiyo anayegombea kiti cha kaunti akuambie atafanya nini kwa mamlaka aliyo nayo. Andika majibu yake, weka tarehe. Utayahitaji baada ya kura.

Sambaza uzi.