Kwa Nini Tunapiga Foto Nyumba Zinazoanguka
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Lubumbashi)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya kazi ya foto. Tunajua kuna maswali. Mzee mmoja alituuliza mbele ya watu: "Kasha ya matanga haina kitu, watoto wanafukuzwa masomo, na ninyi munazunguka Kamalondo na kambini na telefone, munapiga foto ya kuta za kuanguka. Ile inatusaidia nini?" Swali hilo ni la haki. Tutalijibu bila kujificha.

Kwanza tukumbuke mji wenyewe. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, jina la malkia wa Wabelgiji, na mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilifika. Mwaka 1911 Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa. Wazungu walikaa katikati, kwenye nyumba za barza pana. Wafanyakazi weusi walikaa kambini, na wengine kwenye site ambayo leo ni Kamalondo. Kati ya pande hizo mbili paliachwa nafasi tupu makusudi, watu wasikaribiane. Kenya, Katuba na Ruashi zilikuja nyuma. Mwaka 1966 mji ukaitwa Lubumbashi, na mwaka 1967 serikali ikachukua Union Minière, ile tuliyokuja kuiita Gécamines.

Waliokulia kambini hawahitaji kuelezwa. Kampani ilitoa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule, na wazee wakasema: "Kazi njo baba, kazi njo mama." Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na kufika mwaka 1994 shaba ya mwaka mzima haikufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile inayoitwa kuondoka kwa hiari. Baba alipokosa mshahara, nani angepaka nyumba rangi? Nyumba zilianza kuzeeka siku ileile pamoja na wenyewe.

Na sisi wa chama hiki hatukuwepo wote kuona. Wengine tulipandishwa treni kwenda Kasai katika matukio ya 1992 na 1993. Wengine tulikimbia Pweto mwaka 2000, tukakaa Zambia, Kala na Mwange, miaka mingi. Tuliporudi tulitafuta avenyu tuliyoiacha, tukakuta ukuta mpya, duka pa barza, mlango umegeuzwa upande mwingine. Mtu anasimama mbele ya nyumba ya baba yake na hana uhakika kama ndiyo. Foto zetu za zamani zilibaki njiani. Ndiyo maana kazi hii ilianzia kwetu, haikuanzia kwa mgeni.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu, kwa niaba ya waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya inchi kwa rangi. Walimu wa Université de Lubumbashi walikusanya masimulizi ya wazee. Na mtoto wa hapa, Sammy Baloji, mwaka 2006 alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi akazibandika juu ya foto za viwanda vilivyokufa, watu wa zamani wakasimama tena katikati ya vyuma vya kutu. Hata Marekani, katika Detroit, mji wa magari ulioanguka kama wetu wa shaba, mpiga foto Camilo José Vergara amerudi miaka na miaka kwenye kona zilezile, aonyeshe jinsi mahali panavyobadilika. Somo tulilochukua kwake ni moja: foto moja inaonyesha kuanguka tu, lakini foto nyingi za mahali pamoja zinaonyesha pia watu waliobaki wakijenga.

Sasa tuseme ukweli juu ya kosa letu. Mwanzoni tuliingia kambini asubuhi, tukapiga foto kutoka barabarani bila kubisha hodi. Tata mmoja alitoka na hasira: "Munapiga foto juu ya nini? Ni juu ya kutufukuza?" Watu wakajaa. Alikuwa na haki. Ile nyumba ni ya jamaa aliyoondoka mwaka 1993, na yeye anakaa mule na watoto wake tangu zamani. Kwake yeye, mtu anayerudi na foto ni mtu anayerudi kudai.

Tulizima telefone, tukaomba msamaha. Juma lililofuata tulirudi pamoja na mama mwanachama wetu aliyezaliwa mule. Alisimama nje ya lango, akasema: "Sikuje kuomba nyumba. Ile muti ya maembe, baba yangu njo alipandaka. Minaomba foto yake tu." Tata yule alikaa kimya kidogo. Kisha akaleta kiti. Mama akapigwa foto chini ya muembe, na tata akaomba apigwe na watoto wake, palepale. Hatuwezi kusema mambo yote yameisha kati ya jamaa zile mbili. Lakini sasa wanasalimiana. Na kuna nyumba nyingine, kwenye avenyu ya nyuma, wenyewe walikataa kabisa. Katika albamu yetu ukurasa wake uko mweupe, na utabaki mweupe.

Toka siku ile tuna kanuni. Tunabisha hodi kwanza. Tunaandika avenyu, namba, mwaka na maneno ya mwenye kusimulia. Tunapiga nyumba nzima, kisha mlango, dirisha na manjanja. Tunatoa foto mbili kwa karatasi: moja ya anayekaa mule, moja ya albamu ya chama. Telefone inaibiwa, karatasi inabaki. Na tunamwambia kila mtu wazi: foto si karatasi ya parsele. Haimpi mtu nyumba, haimwondoi mtu nyumbani.

Kwa wafadhili tunasema kwa heshima: musitafute katika foto hizi ukuta mtupu wa kuhurumia. Kila nyumba munayoiona ina mtu ndani anayelipa maji na kuziba manjanja kabla ya mvua. Tunachoomba ni wino, karatasi, na sanduku la chuma la kufungia albamu. Franka za kasha ya matanga hatukuzigusa, na hatutazigusa.

Na kwa mzee aliyetuuliza: inatusaidia nini? Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa mji huu. Watoto wetu wakiuliza walikaa wapi watu wale, walipika wapi, walilala nyumba ya namna gani, tuwaonyeshe nini kama kuta zimekwisha na sisi tumekwisha? Mvua inakuja mwezi wa 11. Kuta za udongo hazitaingoja kamati.

Wenye foto za zamani nyumbani, hata iliyochanika, mulete. Tutaipiga na kuirudisha mkononi mwenu siku ileile.