Usafishaji wa Mikanda ya Usalama na Viti vya Rangi Hafifu katika Magari ya Kericho na Bomet

Magari mengi yanayohudumu katika barabara za Kericho, Litein, Sotik na Bomet huingia Kenya kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na si machache miongoni mwayo yaliyo na viti na mikanda ya rangi ya kijivu au ya krimu, ambayo haifichi uchafu. Makala hii inashikilia kwamba madoa ya nchi ya chai yana asili yake mahususi, na kwamba mwoshaji asiyeijua asili hiyo huweza kuyakoleza kwa dawa ileile anayoitegemea kuyaondoa.

Asili ya kwanza ni udongo wa volkano, ambao wekundu wake hutokana na oksaidi za chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni kama ilivyo katika kutu, na ambao chembe zake ni ndogo kiasi cha kupenya katikati ya nyuzi za kitambaa. Asili ya pili ni chai yenyewe. Jani bichi lina polifenoli nyingi, kemikali ambazo jani likipondeka hukutana na vimeng'enya na hewa zikageuka kuwa za hudhurungi. Mageuzi hayo ndiyo yanayoleta rangi ya chai kiwandani, na ndiyo yanayoacha vidole vya mchumaji vikiwa vyeusi hata baada ya kunawa. Mchumaji atokaye kituo cha kupimia majani, anapopanda gari na kuvuta mkanda, huacha utomvu wa majani hayo karibu na ulimi wa chuma, pale pale vidole vinaposhika, juu ya vumbi lililotangulia. Chuma kidogo cha vumbi hilo kinachoyeyuka kikikutana na polifenoli katika unyevu huzaa weusi mkaidi, na kwa kemia hiyohiyo Wazungu walitengeneza wino wa kuandikia kwa karne nyingi.

Hapo ndipo jiki hudhuru. Klorini iliyomo haiondoi kutu bali huifanya ishike zaidi, ilhali magadi na sabuni kali za unga, kwa kuwa ni alikali, yaani kinyume cha asidi, huzidisha weusi wa polifenoli. Kwa viti vya kitambaa, vumbi liondolewe likiwa kavu, kwa brashi laini au mashine ya kufyonza, kwa sababu maji yakitangulia hulifanya tope na kulisukuma ndani. Kisha itumike sabuni ya maji isiyo kali, na doa la chuma linalosalia liguswe kwa maji yenye asidi ya sitiriki kidogo, au siki nyeupe iliyozimuliwa, baada ya kujaribiwa mahali pasipoonekana. Kitambaa kikandamizwe kwa taulo badala ya kusuguliwa, kisuuzwe, na sponji ya ndani isiloweshwe. Dari lahitaji maji machache zaidi, kwani gundi yake ikilowa huachia.

Mkanda ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kubeba uzito wa mwili gari linapogonga. Mikanda mingi ya sasa hufumwa kwa nyuzi za poliesta, na baadhi ya ile ya zamani kwa nailoni. Alikali kali hula poliesta, klorini na asidi kali hudhoofisha nailoni, na udhaifu huo hauonekani kwa macho. Kwa hiyo mkanda uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini tu, na doa lisilotoka kwa njia hiyo liachwe lilivyo, hata mwenye gari akinung'unika. Usafi wenyewe, hata hivyo, si pambo: kanuni za trafiki za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya Waziri John Michuki, zililazimisha mikanda katika matatu, lakini abiria aliyevaa nguo safi huukwepa mkanda wenye tope.

Ukaushaji ndio unaopuuzwa mno katika nyanda hizi, ambako mvua za alasiri ni za kawaida. Kazi ianze asubuhi. Mkanda uvutwe hadi mwisho, uzuiwe kwa kibanio cha nguo usirudi ndani, uoshwe, usuuzwe, na uachwe kivulini mpaka ukauke kabisa, kwa maana ukirudi mbichi huota kuvu na kupeleka unyevu kwenye chombo kinachouvuta mkanda. Kabla ya kibanio kuondolewa, kingo zote mbili za mkanda zipitiwe kwa vidole, na mkanda wenye nyuzi zilizokatika au kuchanika ubadilishwe mzima.