Mvi Zinazofichwa kwa Piko

Kilifi, Kenya, wako wazee wanaopaka nywele piko, na si kwa ajili ya harusi. Wanaficha mvi. Kwa miaka mingi, wazee wa kaunti hii wameshambuliwa, wengine wakauawa, kwa kudaiwa ni wachawi. Chimba kisa kidogo, mara nyingi utakuta shamba: mzee amelishikilia, kijana anataka kuliuza. Baadhi ya walionusurika wamepata hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze.

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 inasema kumwita mwenzako mchawi ni kosa, ila ukipeleka shaka yako kwa chifu au polisi. Lakini matangani, ambako lawama hizo huzuka, hilo halitajwi.

Basi mvi hizo hizo, msikilizaji, ndizo zinazompa mzee haki mbele ya serikali. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inataka aishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, akitunzwa na jamaa zake na Serikali pia. Kwa Katiba, uzee huanza miaka 60. Kwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za kila mwezi uliofunguliwa mwaka 2018 kwa wazee wote wasio na pensheni ya serikali, huanza 70. Miaka kumi nzima mtu ni mzee kwenye Katiba na bado kijana kwa Hazina! Zanzibar nao, walipoanza pensheni jamii Aprili 2016, walichagua 70.

Pesa zenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mkazi wa Jilore, penye vibarua vya shambani kando ya mto Sabaki, si haba. Lakini kwanza azipate. Waliozaliwa nyumbani bila cheti walikadiriwa umri siku ya kuchukua kitambulisho, na kosa la miaka mitano pale ni miaka mitano ya kungoja hapa. Halafu wapo waliokwama kwenye mashine ya alama za vidole, isiyopatana na vidole vilivyosuguliwa na jembe.

Asiyeweza safari ya kwenda kupokea huandikisha mlezi amchukulie. Hapo ndipo pa kuangalia sana, kwa sababu mlezi huyo anaweza kuwa yule yule mwenye jicho kwenye shamba. Mzee akiletewa 1,500 badala ya 2,000, anaweza kuomba mlezi abadilishwe. Maafisa wa maendeleo ya jamii hupokea ombi hilo, na naibu wa chifu humwelekeza mahali walipo.