Somo la Redio: Askari wa Ndani ya Seli

Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize.

Katika mwaka 1957 mtaalamu wa Marekani, Bibi Charlotte Friend, alieleza habari za virusi vinavyowapa panya saratani ya damu. Panya aliyeambukizwa alivimba bandama, kisha akafa. Baadaye wataalamu waliona jambo la ajabu. Waliwapiga panya wa koo mbalimbali sindano ya virusi vile vile. Ukoo huu waliugua. Ukoo ule walistahimili. Je, ilikuwa bahati tu? La, haikuwa bahati. Sikilizeni sababu moja kubwa.

Mwili umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Ndani ya seli mna maagizo ya urithi. Tuyafananishe na kitabu. Virusi hivi vina hila. Huingia ndani ya seli vimevaa ganda, kisha hupachika ukurasa wao katika kitabu cha seli. Seli ikiusoma ukurasa huo, hutengeneza virusi vipya, na pengine huanza kuzaana ovyo. Hiyo ndiyo saratani.

Lakini panya wengi wana askari ndani ya seli zao. Ni protini iitwayo Fv1. Askari huyu hulikamata lile ganda, na ukurasa haufiki kitabuni. Yuko wa namna mbili, na kila mmoja huzuia virusi ambavyo mwenzake huviacha vipite. Mtoto wa panya akirithi mmoja kwa baba na wa pili kwa mama, huzuia vya namna zote mbili.

Askari huyu alitoka wapi? Mwaka 1996 Jonathan Stoye na wenzake, huko London, waliyapata maagizo yake. Kumbe yanafanana na ya virusi vya kale, vilivyoingia katika urithi wa panya zamani sana! Mabaki ya mwizi yamekuwa mlinzi wa nyumba.

Hata hivyo, mlango haukufungwa kabisa. Virusi vikija vingi mno kwa pamoja, askari huzidiwa. Vingine hubadili ganda kidogo tu, vikapita.

Na sisi binadamu? Hatuna Fv1, ila tunao askari wengine. Lakini virusi viitwavyo HTLV-1, vilivyotangazwa mwaka 1980, huweza kuwapita. Wachache kati ya walioambukizwa hupata saratani ya damu baada ya miaka mingi. Huenea kwa damu, kwa kujamiiana, na kwa maziwa ya mama. Basi tusimwachie askari wa ndani kazi yote. Sindano iliyokwisha kutumiwa na mwingine, tuikatae.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni majibu:

1. Fv1 hukamata nini?
2. Virusi humshindaje askari? Taja njia mbili.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.