Safari ya Kushuka Pwani Baada ya Mvua Kubwa

Maelezo ya Afisa Habari katika mkutano wa wananchi



Barabara tunayoitegemea kushuka pwani, kutoka Liwale hadi Nangurukuru, ina urefu unaozidi kilomita 200. Inapita Miguruwe na Njinjo, na sehemu yake kubwa ni ya udongo. Barabara hiyo ipo chini ya TANROADS. Zile zinazotoka vijijini kwenda kuiunga zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Nayataja haya mapema kwa sababu taarifa ya kalavati lililobomoka ikipelekwa kwenye ofisi isiyohusika, siku hupotea bure.

Naomba tuanze na mto Matandu. Mvua inayonyesha huku kwetu bara ndiyo inayoteremka na mto huo hadi baharini, karibu na Kilwa Kivinje. Kwa hiyo msafiri anaweza kuondoka anga likiwa limetakata, akaamini hatari imekwisha, kumbe maji ya juzi yamemtangulia njiani. Kabla ya kuwasha gari, ulizeni mvua ilinyesha wapi katika siku mbili zilizopita, na gari la mwisho kutoka upande wa pili liliingia saa ngapi. Gari lililopita alfajiri halithibitishi hali ya saa nne asubuhi.

Mnakumbuka Kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, yenye lami na madaraja, ilikatika katika Wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Maji yaliyong'oa lami hayatashindwa na tuta la udongo.

Hatari kubwa kuliko zote ni maji yanayotembea juu ya barabara. Maji yenye kina cha sentimita 30 tu, yakienda kwa kasi, yanaweza kuliinua gari dogo na kulisogeza. Yakifika sentimita 60, huweza kulichukua hata gari kubwa la pikapu. Uzito hausaidii sana, kwa kuwa gari hufungia hewa ndani na kuelea. Kibaya zaidi, maji ya tope huficha barabara yenyewe: dereva huona kingo mbili zilizo salama, lakini katikati tuta limekwisha kuondoka. Wapo wanaopendekeza kushuka na kupima kina kwa fimbo. Hilo linafaa kwenye dimbwi lililotulia. Kwenye maji yanayokwenda kasi, mtu huangushwa kabla hata hayajamfika kiunoni. Hapo ni kusubiri, hata kama ni kulala njiani.

Tope nalo lina taratibu zake. Ingieni kwa gia ndogo na mwendo usiobadilika, msikanyage breki ghafla, wala msizungushe matairi yaliyokwisha kuzama, kwani yanachimba shimo lake. Bebeni jembe, panga, kamba imara, maji ya kunywa na chakula cha siku mbili. Simu ichajiwe kabla ya kuondoka, na mtu aliyebaki nyumbani ajue mnategemea kufika saa ngapi. Bodaboda isibebe abiria wawili kwenye utelezi. Sijui kwa nini jambo hili hulazimika kurudiwa kila mwaka.

Sasa naomba niseme jambo ambalo huenda lisiwafurahishe wenzetu wafanyabiashara. Lori lililosheheni magunia ya ufuta au korosho, likilazimishwa kupita siku barabara imelowa, huacha mifereji miwili mirefu. Mvua inayofuata hukaa humo, udongo ukazidi kulegea, kisha jua likaugandisha katika umbo hilo hilo. Kuanzia hapo gari dogo hugusa tumbo. Gari la wagonjwa lililompakia mama mwenye uchungu wa uzazi ni miongoni mwa hayo magari madogo. Mwenye lori ameokoa siku mbili za soko, na njia ya mama huyo imefungwa mpaka greda lifike. Kizuizi kinapowekwa baada ya mvua, kimewekwa kwa ajili yake, na anayekizunguka usiku kupitia shambani anafanya hesabu ya mfuko wake peke yake.

Abiria nao wana sehemu yao. Dereva wa basi akisimama mbele ya maji, mara nyingi sauti za kumwita mwoga hutoka viti vya nyuma. Mwacheni asimame. Na akitaka kuvuka ilhali nyinyi mnaona haifai, mna haki ya kushuka na watoto wenu.

Mkikuta barabara imekatika, wekeni matawi mabichi pande zote mbili, mbali ya kutosha kwa dereva wa usiku kuyaona kabla hajafika. Kisha mpeni taarifa Mtendaji wa Kijiji kilicho karibu, mkitaja jina la mto au korongo na vijiji viwili ambavyo sehemu hiyo iko katikati yake. Kwa maelezo hayo mhandisi hupajua mahali penyewe bila kuuliza mara ya pili.