VYAKULA VYA KWETU, LADHA ZA DUNIA: MEZA YA MGENI INAMNUFAISHA NANI?

Maelezo ya mazungumzo ya Afisa wa Habari mbele ya watumishi wa umma, wenye mikahawa na wakaazi



Nimetakiwa nizungumze juu ya aina ya mikahawa ambayo sasa imezoeleka katika Mji Mkongwe na katika fukwe zetu. Mikahawa hiyo huchukua samaki, mboga na viungo vya hapa, ikavipika kwa ladha za Italia, Thailand, Mexico au Japani. Wapo wanaosema kuwa huko ni kupoteza asili, na wapo wanaosema ni maendeleo. Kwa maoni yangu, suala kubwa zaidi ni hili: kilichomo ndani ya sufuria kimenunuliwa kwa nani?

Kwanza tutazame chimbuko la mtindo huu huko Uingereza. Mwaka 1989 Serikali ya nchi hiyo ilitoa amri za kupunguza idadi ya baa zilizokuwa mikononi mwa makampuni makubwa ya bia, na baa nyingi zikauzwa au kukodishwa. Mwaka 1991 mabwana wawili, Michael Belben na David Eyre, waliichukua baa moja ya zamani iitwayo The Eagle, iliyopo Farringdon Road, London. Hawakutandika vitambaa vya meza. Jiko walilifungua mbele ya macho ya wateja, na mteja aliagiza na kulipa hapo hapo kaunta. Vyakula viliandikwa kwa chaki ubaoni, na vilibadilika kwa kufuata kilichopatikana siku ile. Miongoni mwa vyakula vilivyoipatia sifa ni mkate uliotiwa nyama ya ng'ombe iliyorowekwa viungo kwa namna ya Kireno. Nyumba za namna hiyo zikaitwa gastropabu, na mwaka 2012 neno hilo likaingizwa katika kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani.

Hapa visiwani uuzaji wa vileo una sheria na leseni zake, na wengi wetu hatuna haja navyo. Jambo la kujifunza lipo jikoni, na linamfaa hata mwenye mkahawa asiyeuza ila chai na maji ya ukwaju.

Kuhusu kuchanganya ladha, sisi si wanafunzi. Karafuu, ambayo dunia inatujua kwayo, asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, na ililetwa hapa mwanzoni mwa karne ya 19. Muhogo, mahindi, tungule na pilipili asili yao ni Amerika. Biriani na sambusa zimetufikia kwa bahari, na bokoboko ni ndugu wa harisi ya Waarabu. Urojo wetu una bajia za Kihindi, embe mbichi na ukwaju ndani ya bakuli moja. Kile kinachouzwa Forodhani kwa jina la pizza ya Zanzibar kina jina la Kitaliana tu; ukikitazama kwa makini utaona hakiko mbali na mantabali tuliyoizoea. Kwa hiyo mpishi kijana anayetia mchaichai na tui la nazi katika chakula cha kigeni anaifuata njia ya mabibi zake.

Lakini mabibi zetu walikuwa na jambo moja ambalo baadhi ya mahoteli yetu hayana. Walikwenda sokoni kwanza, kisha ndipo wakaamua wapike nini.

Ndugu zangu, orodha ya vyakula ni karatasi ndogo yenye nguvu kubwa. Mwenye hoteli akichapisha orodha ya mwaka mzima, amekwishaamua kuwa samaki fulani na mboga fulani lazima zipatikane siku zote. Bahari yetu haiendi hivyo. Msimu wa kusi upepo ukichafuka, vyombo vidogo hushindwa kutoka. Masika mvua ikizidi, tungule huoza shambani. Hapo hoteli huagizia Tanzania Bara, Kenya au nchi za mbali zaidi, na aliyeuza mara moja hurudi kuuza tena. Hivyo sehemu kubwa ya vyakula vinavyoliwa na wageni haitoki katika mashamba yetu, na fedha ya mgeni huondoka kwa chombo kile kile kilicholeta kasha la mboga.

Ubao wa chaki unaliondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo. Leo wameletwa changu, andika changu. Kesho wameletwa ngisi, andika ngisi. Mbatata zikiadimika, shelisheli la kukaanga linakaa vizuri pembeni ya samaki wa kuchoma, na majimbi yanapondeka kama mbatata. Penye haja ya maziwa mazito pana tui la kwanza. Penye haja ya siki pana ukwaju na ndimu. Mwani tunaoulima kibiashara tangu mwaka 1989, kwa mikono ya akina mama zaidi kuliko wanaume, husafirishwa nje mkavu kwa ajili ya viwanda. Jikoni unaweza kuoshwa, ukachanganywa na kachumbari, na mgeni akaufurahia. Kila kilo inayoliwa hapa ni kilo isiyosubiri bei ya mnunuzi wa mbali.

Tahadhari moja ni lazima. Pweza akipendwa sana na wageni, mwamba huweza kumalizwa. Vipo vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kwani mnyama huyo hukua kwa haraka sana. Mpishi anayekataa kununua pweza wadogo anawasaidia wanavijiji hao kuliko hotuba yoyote.

Sasa kila mmoja wetu ana wajibu wake. Mkulima na mvuvi wajue kuwa mkahawa hauwezi kungoja: mzigo ufike asubuhi iliyoahidiwa, ukiwa safi na wenye uzito wa kweli. Samaki atiwe barafu tangu chomboni. Wanaolima mafungu madogo madogo waungane katika ushirika, ili mnunuzi azungumze na mtu mmoja.

Mwenye mkahawa naye alipe kwa wakati. Malalamiko yanayosikika mara kwa mara vijijini ni ya malipo yanayocheleweshwa mwezi na zaidi. Mvuvi anunue mafuta ya mashine leo. Hawezi kuyanunua kwa ahadi. Akilipwa taslimu, kesho atakuletea wewe kwanza.

Na sisi watumishi wa Serikali tusijitoe. Katika vikao vyetu tunaweka mezani biskuti za paketi na soda za makopo, ilhali nje ya jengo kuna muuza madafu. Naomba kila mwenye dhamana ya kuandaa kikao aanze na hatua hii ndogo: dafu, maji ya mabungo, muhogo wa nazi, ndizi za kuchoma. Haihitaji fungu jipya katika bajeti. Na tutapata haki ya kumwambia mwenye hoteli anunue cha hapa pale tutakapokuwa tunakinunua wenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja na wanaendelea kuja. Kupona kwa mwenyeji kunategemea wapi mpishi anapeleka kikapu chake alfajiri.